Kalebu Aliomba Mlima

Wazee wangu wa Kashebere, baba zangu na mama zangu, ninyi mlioamka leo mkashika kwanza ukuta, kisha fimbo, kisha bega la mjukuu, ndipo mkafika mlangoni: neno hili ni lenu. Nanyi vijana mliowawekea wazee wenu kiti uani mkadhani deni la heshima limelipwa, msiondoke. Lenu lipo, na si tamu.

Fungueni Yoshua sura ya 14. Nchi inagawanywa, kila kabila linangoja fungu lake, na mbele ya mkutano anasimama mzee wa miaka 85. Mnamjua. Ni Kalebu mwana wa Yefune, mmoja wa wale wapelelezi kumi na wawili wa Musa, na kati ya kumi na wawili ni yeye na Yoshua tu ambao hawakutetemeka. Tangu siku ile miaka 45 imepita. Kizazi chake chote amekizika jangwani. Kama kuna mtu aliyestahili kuambiwa, "Mzee, keti, tutakufanyia," ni huyu. Nani angemlaumu kama angeomba kipande cha bonde karibu na maji, mahali tambarare pa kupumzishia mifupa? Naye akaomba mlima! Akaomba Hebroni, nchi ya miinuko, yenye miji ya ngome na Waanaki warefu wakiwa bado wamekaa juu yake. Akamwambia Yoshua mbele ya watu wote kwamba nguvu za siku aliyotumwa na Musa angali nazo, za kutoka na za kurudi.

Kutoka na kurudi! Wapenzi, nimelisoma neno hilo miaka mingi bila kulisikia. Mzee hahitaji kuwa na nguvu za kupigana na simba. Anahitaji kutoka nyumbani kwake kwa miguu yake na kurudi kwa miguu yake. Kwenda chooni usiku bila kuamsha mtu. Kushuka mtoni akapanda tena. Kufika kanisani, kufika kwenye kilio cha jirani, kufika barza wanapokata maneno ya ukoo, akaketi na wenzake, akasimama na kwenda zake. Anayeweza kutoka na kurudi bado ni mwenye nyumba. Asiyeweza hufanywa mgeni ndani ya ukuta alioujenga mwenyewe.

Sisi wa Kashebere hatuna haja ya kuomba mlima, tumezaliwa juu yake. Hapa mashariki mwa Kongo, Masisi inapokutana na Walikale, hakuna mzee aliyezeeka mahali tambarare. Shamba liko juu, maji yako chini, kanisa liko ng'ambo ya kilima. Ukishika njia ya Nyabiondo ni matope, ukishika njia ya Kibua ni matope, na mvua ikinyesha motari mwenyewe hushuka akaisukuma pikipiki yake akiwa amekunja suruali. Watu wa mijini wanaweza kuzeeka wakiwa wamebebwa. Hapa miguu ndiyo gari, ndiyo daraja, ndiyo njia ya kufika hospitali.

Na siku ya mbio, miguu ndiyo uhai. Lazima niliseme hili ingawa linaumiza. Mwaka 2025 vita viliingia Masisi mwezi wa Januari, vikaingia Walikale mwezi wa Machi, nasi tukiwa katikati. Mnakumbuka barabara ilivyojaa watu. Mnakumbuka nani aliwahi kuondoka, nani alichelewa, na nyumba gani mlango wake ulifungwa kwa nje mzee akiwa ndani na sufuria ya viazi kando yake, watoto wakilia na kuapa kwamba watarudi kesho. Sitawataja. Ninyi mnawajua na mimi ninawajua. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mzee ana mali kiasi gani au ana watoto wangapi. Swali lilikuwa moja tu: anaweza kutembea?

Mtu asiniambie kwamba Kalebu ni habari ya Wayahudi wa zamani. Wanyanga, ndugu zetu wa upande wa Walikale, wana shujaa wao, Mwindo. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alimtambia mtafiti Biebuyck habari za Mwindo siku 12, akisimulia, akiimba na kucheza. Na jina la sifa la Mwindo ni lipi? Kabutwakenda, yaani aliyezaliwa akatembea. Alizaliwa, akatembea papo hapo! Nchi iliyomsifu shujaa wake kwa miguu kabla ya kumsifu kwa mgwisho wake wa ajabu, leo inawafundisha wazee wake kukaa?

Kabla sijamhukumu mtu yeyote, nitaungama dhambi yangu mbele yenu.

Baba alipofariki, mimi na ndugu zangu tulikaa tukashauriana juu ya mama. Alikuwa amezeeka, lakini bado alilima maharagi na mihogo, alishuka mtoni na bidoni na kupanda nayo. Tukasema aibu hii iishe. Watu watatucheka: mama wa mchungaji analima, watoto wanatazama! Tukamnyang'anya jembe. Tulilichukua kwa upole sana, kwa maneno matamu, tukampa na kitenge kipya, lakini tulimnyang'anya. Tukanunua kiti cha plastiki, tukakiweka uani penye kivuli. Mjukuu wa kuchota maji akapatikana, wa kupika akapatikana, hata wa kumfulia. Majirani wakatusifu. Mimi nikapanda mimbarani nikahubiri juu ya kuheshimu baba na mama, kifua mbele.

Baada ya mwaka mmoja mama hakuweza kuinuka kwenye kile kiti bila kuvutwa mikono yote miwili. Hakuanguka. Hakuvunjika. Malaria ilimlaza siku tisa, na alipotoka kitandani mapaja yake yalikuwa yamekauka kama mabua baada ya mavuno. Jioni moja akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu jembe lilipoondoka, hakuna aliyemuuliza neno lolote la shamba, hata mbegu ipi iwekwe akiba. Nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko. Sisi tulimkausha. Tulianza kumkausha siku ile tulipompa kitenge.

Enyi watoto wa Kashebere, ni wazee wangapi mmewakausha kwa heshima? Mama anataka kumenya muhogo mnampokonya kisu. Baba anataka kwenda kutazama mbuzi mnamwambia atulie. Anasimama, mnapiga kelele, "Kaa, utaanguka!" Naye anakaa. Anakaa leo, anakaa kesho, na siku atakayoanguka mtasema, tulijua. Ndiyo, mlijua, kwa sababu ninyi ndio mliolipanda anguko hilo na kulimwagilia maji.

Sikieni jinsi mwili unavyofanya kazi, maana Muumba aliuwekea utaratibu. Mtu akipita miaka 30 misuli yake huanza kupungua, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 mwendo wa kupungua huongezeka. Huo ni umri, hatushindani nao. Lakini kuna mwizi wa pili amejificha nyuma ya umri, nasi tunamsingizia umri wizi wake wote. Mwizi huyo ni kulala na kukaa. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitoa habari ya wazee wenye afya njema, wa miaka 67 kwa wastani, waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Hawakuwa na homa wala njaa. Walipopimwa mwishoni, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama. Kilo moja! Nendeni kwa muuza nyama siku ya soko mkaitazame kilo moja juu ya mizani, kisha mwambieni mgonjwa wenu alale tu mpaka apone kabisa. Homa inapoanza kushuka, mketishe. Akiweza kuketi, msimamishe. Akiweza kusimama, mfikishe mlangoni akaone jua. Siku tisa za mama yangu zilikuwa na saa nyingi ambazo angeweza kuketi, nami nilikuwa nikimfunika shuka.

Sasa habari njema, na ninaomba muipokee kwa mikono miwili: kilichoibwa hurudi! Mjini Boston kuna nyumba ya wazee iliyoanzishwa na Wayahudi, wana wa Kalebu yule yule. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua humo watu 10 wa miaka 86 hadi 96, dhaifu, wenye maradhi ya kila namna, wakawapa kazi ya kuinua uzito kwa miguu, uzito wa kweli, mara 3 kwa juma kwa majuma 8. Mmoja aliacha, 9 wakamaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili walioingia na fimbo walitoka wakitembea bila fimbo. Mtu wa miaka 90, majuma 8! Huo hata si muda wa maharagi kutoka mbegu hadi kukauka shambani. Basi wewe wa miaka 63 unayeniambia, "Mchungaji, mimi wakati wangu umepita," nani alikuambia? Umesoma wapi?

Hapa mama mmoja ataniuliza, na ana haki: "Mchungaji, nimebeba mzigo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi, kamba imechora mfereji kwenye paji langu, nawe unaniambia nifanye mazoezi?" Hapana, mama yangu. Kwako nina neno jingine, na wanaume walisikie. Kuna kazi inayojenga na kuna kazi inayobomoa. Mwaka 1986 wataalamu walipima wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini kama ninyi, wakakuta ajabu: mzigo uliposhuka chini ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, miili yao haikutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Dunia ya wasomi ilishangaa. Lakini sehemu ya tano ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12. Kilo 12! Haifiki bidoni ya lita 20 iliyojaa. Ule mfuko wa makaa, ule mzigo wa kuni na muhogo unaompandisha mama wa miaka 65 kilimani akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano, huo unakula magoti, unakula mgongo, unakula miaka. Mwanamume uliye na chukudu nyumbani, au mabega mawili tu, mzigo ule ni wako. Mwachie mama kilo zake kumi, zinamtunza. Zile arobaini zichukue wewe leo hii, kabla ya kumwombea mgongo wake.

Na chakula? Eliya alipolala chini ya mti akitaka kufa, malaika hakumwamsha kwa maombi. Alimwamsha kwa mkate uliookwa juu ya makaa, akala, akalala, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa mbele yake, kisha akaenda siku arobaini mpaka Horebu. Mbingu zinajua kwamba mguu mtupu hauendi. Sisi tunafanyaje? Fufu na mchuzi kwa mzee kwa sababu hana meno, maharagi na samaki kwa wenye meno. Naye kwa haya yake anasema ameshiba. Msimwamini! Mwili wa mzee unahitaji protini, yaani kirutubisho cha kujenga nyama, zaidi ya wa kijana, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ndivyo wataalamu wanavyoshauri. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa kina kama gramu 15, yai lina kama 6. Basi pondeni maharagi mpaka yalainike kama fufu lenyewe. Sageni karanga ndani ya sombe. Twangeni sambaza wakavu wawe unga, mnyunyize kwenye mchuzi wake. Pikeni uji wa mahindi na soya. Wenye ng'ombe waliobaki, baada ya yote yaliyopita juu ya malisho ya Masisi, wajue kikombe cha maziwa cha babu ni sehemu ya dawa yake. Na asile jioni tu. Ale asubuhi, kabla ya safari, kama Eliya.

Mnaniuliza mzee afanye nini hasa. Sitawauzia dawa. Aketi kwenye kiti, kile kile cha aibu, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano bila kushika kitu. Akipita sekunde 15, miguu yake inaomba msaada. Akishindwa kabisa, aanze na kiti kirefu zaidi au aweke mto, asimame mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, aongeze moja kila juma. Kisha asimame kando ya ukuta kwa mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa ukuta, ahesabu mpaka kumi. Msilidharau hilo. Huko Brazil walifuatilia watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, na habari yao ilitoka 2022: wale ambao hawakuweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 walikufa kwa wingi zaidi katika miaka saba iliyofuata. Mguu mmoja ndio unaobaki chini kila unapovuka gogo la daraja! Kisha achukue bidoni ya lita 5, aijaze kwa kadiri ya nguvu zake, atembee nayo kutoka jikoni mpaka kwenye migomba na kurudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawaomba wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa juma, pamoja na mwendo wa dakika 150 au zaidi. Mwendo tunao, milima inatulazimisha. Nguvu za kuinuka ndizo tunazoziacha zife. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua apite kwanza kituo cha afya, aulize, kisha aanze.

Ninyi mlio kambini, mliolala chini ya karatasi ya plastiki bila shamba wala kiti, msidhani nimewasahau. Mkenya Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwanzoni mwa 2008 machafuko ya baada ya uchaguzi yakampata. Mali yake ikaibwa, akaishia katika kambi ya waliokimbia makwao, kilomita 4 kutoka shuleni. Na bado alikwenda shule kila siku! Kambini kaburi la kwanza ni mkeka. Mtafutie mzee mahali pa kwenda kila asubuhi, hata kama ni kwenye bomba la maji kusalimia wanaopanga foleni. Asiye na mahali pa kwenda, miguu yake itajuaje kwamba bado inahitajika?

Na tazameni, nisije nikamjeruhi mtu. Wako kati yetu ambao damu ilipanda kichwani ikawapooza upande mmoja, wako waliokatwa mguu na vita, wako ambao macho yamezimika. Hao hawakutenda dhambi. Mefiboshethi alikuwa kiwete wa miguu yote miwili, na Daudi alimketisha mezani pake kila siku pamoja na wana wa mfalme. Kwao naomba moja tu: kile kinachoweza bado kufanya kazi, mkiache kifanye kazi. Mkono mmoja unaweza kuchambua maharagi. Kinywa kinaweza kusema mbegu ipi iwekwe. Ulizeni!

Mama yangu? Nilikwenda nikamwomba msamaha, nikamrudishia jembe lake, na mpini nilikuwa nimeukata uwe mwepesi. Hakuweza kulitumia. Lilikaa miezi miwili limeegemea ukuta kando ya kiti, na mjukuu wake wa miaka tisa akawa mwalimu: "Bibi, simama. Bibi, keti. Bibi, tena." Siku za kwanza mara mbili tu, huku akishika mpini wa jembe lile. Kisha nne. Siku moja nilirudi kutoka safari nikakuta kiti kitupu. Moyo wangu ukapasuka kwa hofu, nikazunguka nyumba nikimwita. Alikuwa nyuma, kwenye matuta mawili madogo, akipalilia, na hakuinua kichwa. Aliniuliza kwa nini maharagi yalipandwa kwa kubanana hivi.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, vijana msitoe viti nje. Viacheni kwa mistari kama vilivyo. Kila mwenye miaka 60 na zaidi aketi, na mtoto mmoja asimame mbele ya kila mzee, mikono tayari kudaka lakini bila kushika. Nimemwomba mama yangu ahesabu kwa sauti, kwa Kihunde, mpaka tano. Mimi nitakuwa mstari wa kwanza. Nina miaka 61, na juma hili nimejaribu nyumbani mlango ukiwa umefungwa: mara ya nne goti la kushoto lilitetemeka.